Rafiki anapigwa na mwenza wake wa jinsia moja: nimsaidieje bila kumwanika?

Tumaini_K: Wakuu, naombeni ushauri. Rafiki yangu wa kiume anaishi na mpenzi wake, naye ni mwanaume. Anapigwa, na juzi alikabwa koo. Akitaja kuondoka anaambiwa picha zao zitatumwa kwa wazazi wake na kazini. Nilifikiria kuwakalisha chini wote wawili. Nianzie wapi?

Nesi wa Zamu: Usiwakalishe chini, tafadhali. Anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, na akiusema atalipia wakibaki wawili.

Kwanza aende hospitali kwa ajili ya kukabwa, hata kama shingo haina alama. Mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni, kupoteza fahamu au kujikojolea alipokabwa: aeleze yote. Na atamke wazi "nilikabwa". Akisema "tuligombana", shingo inaweza isiangaliwe kabisa. Mwenza anayekaba koo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuua, kwa hiyo msilichukulie kama ugomvi wa kawaida.

Kama kulikuwa na ngono ya kulazimishwa, PEP (dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio) ianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na imezwe siku 28. Kwa wengine wanaosoma: mwanaume aliyebadili jinsia ambaye bado ana mfuko wa uzazi anaweza kushika mimba hata akitumia testosteroni, hivyo aulizie na vidonge vya dharura.

Mlango wa Nyuma: Wakati wa kuondoka ndio wa hatari zaidi, kwa hiyo asiage wala asitishie kuondoka. Vitambulisho, fedha kidogo na dawa zake viwekwe kwa mtu aliye nje ya kundi lao la marafiki. Wapenzi hawa mara nyingi wana marafiki walewale, na habari hurudi nyumbani haraka. Dawa zisisahaulike: ARV na homoni hufichwa makusudi ili mtu asiondoke.

Simu nayo. Asizime ghafla programu inayoonyesha alipo, mwenza atashtuka. Mipango ifanyike kwenye simu nyingine. Akishatoka ndipo abadilishe nywila, akianzia na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

Tumaini_K: Asanteni sana. Vipi polisi? Naogopa wataona ni wanaume wawili waliopigana tu.

Sheria Mkononi: Hofu yako ni ya kweli, na wakati mwingine hukamatwa wote wawili. Mikwaruzo kwenye mikono ya mkabaji mara nyingi imetokana na aliyekabwa akijinasua. Hilo lielezwe mapema. Majeraha yapigwe picha kwa mbali na kwa karibu, kisha tena baada ya siku mbili au tatu, michubuko ikishakolea. Vitisho vya kumwanika vihifadhiwe vikionyesha namba na tarehe.

"Mtu ninayeishi naye amenikaba" ni maelezo ya kweli, si lazima aanze kwa kutaja mapenzi yao. Pale ambapo uhusiano huo ni kosa la jinai, aonane na wakili au shirika la haki za binadamu kabla ya kwenda kituoni.

Nawe, kabla ya kumpigia mtu yeyote kwa niaba yake, muulize utumie jina gani na nini kisitajwe.