Kiwanda cha nguo Changamwe chapunguza watu: malipo yanahesabiwa vipi?

Cherehani_Chgw: Salaam wadau. Kiwanda kimebandika orodha ya watakaopunguzwa mwisho wa mwezi ujao, eti oda zimepungua. Nina miaka 6 na miezi 8, mshahara wa msingi 18,200, sina chama cha wafanyakazi. Orodha ya ubaoni ni notisi tosha? Na kiinua mgongo ni ngapi?

BinMikindani: Haitoshi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka asiye na chama aandikiwe barua yake binafsi, na afisa wa leba ajulishwe, si chini ya mwezi mmoja kabla. Kisha kuna notisi ya pili, ya kuachishwa kazi yenyewe: mwezi mmoja au mshahara wake. Waajiri wengi huzibana zikawa moja, na hapo ndipo hukwama kortini.

Kiinua mgongo ni siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hivyo ile miezi 8 sahau. 18,200 gawanya kwa siku 26 za kazi, ni 700. Mara 15 ni 10,500, mara miaka 6 ni 63,000. Ofisi nyingine hugawanya kwa 30, ukaambulia 54,600. Uliza wametumia ipi. Likizo ambazo hukwenda nazo zilipwe taslimu.

MamaJomvu: Taratibu, ndugu yangu. Mkataba ni wa kudumu au wa mwaka mwaka? Wa muda maalumu ukifika tarehe yake umekwisha tu, hapo si kupunguzwa, na hizo siku 15 kwa kawaida huzipati. Viwanda vya EPZ (maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje) wanalijua hilo vizuri mno.

Cherehani_Chgw: Wa mwaka, dada. Umebakisha miezi mitano. Na Ijumaa tunaitwa kusaini fomu.

MamaJomvu: Basi wanakutoa kabla ya tarehe, kifungu cha 40 kinakuhusu. Watakalobishia ni miaka ya nyuma, kwamba kila mkataba ulijimaliza. Kusanya mikataba yote na pesilipu, ionekane hukukatika hata mwezi.

BinMikindani: Hiyo fomu isome mstari kwa mstari. Ikisema "nimelipwa haki zangu zote, sina madai mengine" nawe ukaisaini kwa hiari, korti inaweza kuihesabu ni mapatano na kesi ikafia hapo. Omba mchanganuo wa malipo kwanza, upige picha, uende nao ofisi ya leba. Cheti cha utumishi ni haki yako kwa kifungu cha 51, wasikuzuilie eti mpaka usaini fomu. Muda wa kushtaki ni miaka 3.