Kwa nini kila kijana wa metali anataka gitaa la ESP au Ibanez hata kama hajawahi kulishika?

Mpiga_Rifu_Shangani

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili maana linanisumbua. Hapa Mtwara tuko vijana wachache tunaopiga metali (ile roki nzito ya magitaa), wengine tumetokea bendi za kanisani, wengine Yutubu ndo mwalimu, tunafanyia mazoezi chumbani kwa mwenzetu huku Shangani na majirani wanatuvumilia sana Mungu awabariki. Sasa kuna mdogo wetu yuko kidato cha tatu anapiga vizuri mnoo, kwao wamemwahidi hela ya gitaa korosho zikishalipwa, bajeti ni kama laki saba ikivutwa sana laki nane.

Dogo anataka ESP. Ukimuuliza kwa nini anakwambia bendi ya Metallica basi. Mwenzake anataka Ibanez ya nyuzi saba, wa tatu anataka Jackson ile yenye umbo la V. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika hizo gitaa, hapa mjini sijaona duka lenye hata moja, yanayopatikana ni yale ya kuanzia yasiyo na jina.

Kwaiyo nina maswali mawili. Haya makampuni yamefanyaje mpaka kijana wa huku kusini ameshachagua upande kabla hata hajaliona gitaa kwa macho? Na kwa hela hiyo dogo afuate jina au aangalie nini? Mwenye uzoefu tafadhali, nataka nikamshauri kitu cha maana maana ile hela ya korosho haiji mara mbili.

Kusi_Metali

Mkuu swali zuri sana. Jibu refu kidogo, vumilia.

Kampuni ya gitaa inajulikana kupitia mpigaji, ndo ilivyo toka zamani. Metali yenyewe imeanza na Tony Iommi wa Black Sabbath pale Birmingham, mtu aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akawa anatumia nyuzi laini na baadae kuzishusha ili aweze kubonyeza, na gitaa lake ni Gibson SG. Gibson hawakulitengeneza lile gitaa kwa ajili ya metali, haikuwepo! Hata Flying V na Explorer walizitoa 1958 zikauzwa chache sana wakaacha, miaka ikapita ndo watu wa metali wakayapenda yale maumbo makali.

Miaka ya 80 wakaja wengine kuwachukulia hao vijana. Grover Jackson alikuwa na karakana ya Charvel kule California tangu 1978, mwisho wa 1980 akaja Randy Rhoads aliyekuwa anapiga na Ozzy Osbourne na wazo la gitaa la V lililopinda upande mmoja. Ndo Jackson ikazaliwa hapo. Rhoads akafariki kwenye ajali ya ndege 1982 akiwa kijana kabisa, lakini lile umbo linauzwa mpaka leo kwa jina lake. ESP nao walianza Tokyo 1975 kama duka la vipuri vya gitaa, Kirk Hammett wa Metallica akajiunga nao 1987, mwenzake James Hetfield akafuata, basi kuanzia hapo kila mtoto anayeanza kupiga Metallica anakutana na zile herufi tatu kwenye kila video. Yule dogo wako hakudanganywa na tangazo. Ameangalia mikono anayoipenda akaona imeshika nini, na kampuni inajua hivyo ndo maana inawapigania wapigaji.

Ila waliocheza vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni Ibanez. Miaka ya 70 walikuwa wanajulikana kwa kunakili magitaa ya Wamarekani, 1977 kampuni mama ya Gibson ikawashitaki kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, wakamalizana nje ya mahakama. Wengine wangekufa pale. Hawa wakaanza kuchora vya kwao, wakamfuata mpiga gitaa Steve Vai, 1987 wakatoa magitaa ya JEM na RG, 1990 wakatoa Universe ya nyuzi saba. Nyuzi saba watu hawakuielewa sana mwanzoni, afu bendi ya Korn albamu yao ya kwanza ya 1994 ikatoka na ule mngurumo wa chini, kila mtu akawa anauliza hawa wanapigia nini. Jibu lilikuwa Ibanez. Kwaiyo huyo dogo wa pili anayetaka nyuzi saba na yeye ana sababu yake ya kihistoria hata kama haijui.

Na hiyo kesi ya kichwa uiangalie vizuri. Chukua video ya jukwaani ina giza, kamera inatikisika, jina la gitaa husomi, lakini kile kichwa chenye ncha ya Jackson unakijua hata kwa mbali na ile V unaijua. Umbo ndo jina lenyewe. Ndo maana mpaka 2019 Gibson wameipeleka mahakamani kampuni ya Dean kuhusu maumbo kama ya V na Explorer, magitaa ya 1958! Na Dean wana mashabiki wao kwa sababu ya mpiga gitaa Dimebag Darrell, aliuawa jukwaani 2004 lakini nenda kwenye kundi lolote la metali uweke picha ya gitaa lake la Dean ML la buluu lenye radi uone watu watakavyokuja.

Fundi_Mtanda

Nimesoma. Mimi natengeneza magitaa hapa Lindi, pamoja na redio na spika, naomba niongee kwa upande wa bei maana historia kaka hapo juu ameimaliza.

Kwa laki saba huyo kijana hanunui ESP. Ananunua LTD, ambayo ni mdogo wake ESP. Kila kampuni kubwa ina huyo mdogo wake: Gibson ana Epiphone, Fender ana Squier, PRS ana SE, Ibanez ana Gio, Jackson ana JS. Hivi vya bei ya chini ndo vinavyomshika kijana mapema, anaanza na LTD anaota ESP miaka kumi mbele. Siwalaumu, ni biashara. Ila kijana ajue analipia nini.

PRS SE nyingi za sa hivi zinatoka kiwanda cha Cor-Tek kule Surabaya Indonesia. Cor-Tek ndo wenye Cort, na Cort lina jina dogo na bei ndogo. Kwaiyo mtu anaweza akalidharau Cort asijue limetoka mikono ile ile iliyotengeneza gitaa analolitamani. Kampuni kubwa anaweka mchoro wake, pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) alizochagua na ukaguzi wake, hivyo vina thamani sibishi, lakini tofauti si kubwa kama vijana wanavyofikiri.

Sasa gitaa lenyewe. Akilishika kwanza aangalie shingo. Abonyeze uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya kwanza, na mkono mwingine abonyeze pale shingo inapoungana na mwili, aangalie katikati uzi umeachana na freti kiasi gani. Unatakiwa uone upenyo mwembamba sana, karatasi ipite. Ukiona uwazi mkubwa shingo imekunjika, ukiona uzi umelala kabisa imebinuka nyuma. Kidogo inarekebishika kwa kile chuma cha ndani ya shingo. Kama chuma kimeshazungushwa mpaka mwisho, au shingo imejinyonga upande, achana nalo hata kama limeandikwa dhahabu. Huku pwani unyevu hauna huruma, nimepokea magitaa yaliyokaa karibu na bahari skrubu za briji (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini) zimeota kutu mpaka hazizunguki.

Pili briji. Vijana wa metali wanapenda Floyd Rose ile inayoelea. Zile za bei ya chini mimi siwashauri. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo zilizobaki zote zinapotea tyuni kwa sababu ile briji inashikiliwa na mvutano wa nyuzi zenyewe, na huku kupata seti ya nyuzi mpaka utume hela Kariakoo upakiziwe kwenye basi. Achukue briji isiyocheza. Atapiga metali vizuri tu.

Halafu kuna wauzaji wanasema hili orijino maana ubao wa vidole ni rozwudi. Si kipimo hicho. Rozwudi ni jamaa moja na mpingo wetu, huu huu unaotoka misitu ya Kilwa na Lindi kwenda Ulaya kuwa klarineti. Mwanzoni mwa 2017 jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa kwenye udhibiti wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini), kuvusha mpaka ikawa lazima uwe na kibali, makampuni mengi yakahamia mbao nyingine, Fender wakaweka pau ferro kwenye magitaa yao ya Mexico. Mwisho wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa masharti lakini wengi wameendelea na mbao mpya. Kwaiyo gitaa la kweli kabisa linaweza lisiwe na rozwudi.

Binti_wa_Masasi

Shikamoo fundi. Nakubaliana na wewe kwenye shingo na briji, ila kwenye jina naomba nikubishie kwa heshima.

Sisi tulio mbali na Dar jina lina kazi moja kubwa sana, kuuza tena. Gitaa la Ibanez au Jackson la mtumba ukiliweka kwenye makundi ya wanamuziki wa Dar linaondoka haraka na hela inarudi karibu yote. Hilo Cort ni zuri naamini, lakini utakaa nalo unajieleza kwa kila mteja. Mtoto wa kidato cha tatu anaweza akafika chuo akahitaji ada ya haraka. Jina kwake ni akiba.

Ila sasa kwa sababu jina ni hela ndo feki zimejaa. Mimi niliuziwa na muuzaji mmoja gitaa lililoandikwa Gibson kichwani, nikalileta mpaka Masasi nikalitukuza. Baadae mtaalamu mmoja akanionesha kile kifuniko kidogo kichwani kinachofunika chuma cha shingo: Gibson halisi kinashikwa na skrubu mbili, changu kilikuwa na tatu. Niliumia sana na muuzaji hakupokea simu tena. Kwaiyo mwambieni dogo kama ni jina, apigiwe picha ya kichwa mbele na nyuma, namba ya utambulisho wa gitaa (serial number) na hicho kifuniko kabla hajatuma hata shilingi.

Na jambo lingine, ushindani wa haya makampuni sa hivi hauko tena kwa masupastaa peke yao. Uko Yutubu na Insta. Mtu amekaa chumbani kwake na kompyuta, hana amplifaya, anatumia programu kama za Neural DSP wale wa Finland, anapiga wimbo mzima huku kamera inamwangalia vidole, na gitaa limekaa katikati ya skrini dakika nne. Angalieni bendi ya Periphery, Misha Mansoor ana signecha yake (gitaa lililotolewa kwa jina lake) Jackson, mwenzake Mark Holcomb ana ya PRS SE. Bendi moja kampuni mbili, na mashabiki wao wamegawanyika hivyo hivyo.

Mimi nilivutwa na Ibanez siku nilipomwona Nita Strauss ana gitaa la signecha yake. Mwanamke anapiga solo mbele ya watu wote wale na gitaa lina jina lake. Wasichana tunaopiga metali huku ni wachache mno na nikimwonesha mdogo wangu ile video anakaa kimya anaangalia mpaka mwisho. Kwangu jina la Ibanez lina maana hiyo na siwezi kusema ni ujinga wa matangazo.

Newala_Juu

Yamaha Pacifica. Duka la Yamaha la kueleweka utalipata Dar, pikapu ya briji ni hambaka (ya koili mbili) inabeba distosheni, yaani ule mkwaruzo wa metali, bila shida, shingo imara. Halina sura ya metali lakini mkono wa dogo ndo utatoa metali.

Mpiga_Rifu_Shangani

Aiseee asanteni sana wakuu, fundi shikamoo na dada wa Masasi pole kwa huyo muuzaji. Nimemsomea dogo yote. Pacifica amekataa kabisa, anasema akisimama nalo jukwaani hajisikii, na kiukweli namwelewa, ukiwa na umri ule gitaa usilolipenda sura hulishiki kila siku, na asipolishika kila siku kipaji kinalala.

ESP ameshaiachia. Sasa hivi kabakiza viwili: LTD ya mtumba yenye briji isiyocheza, au Jackson JS mpya. Kuna jamaa Mikindani anauza hiyo LTD, picha za kichwa ametuma zimekaa sawa. Na yule mwenzake bado ana nyuzi saba kichwani. Fundi hilo unasemaje?

Fundi_Mtanda

Marahaba mwanangu. Huyo wa nyuzi saba aangalie urefu wa uzi kutoka kichwani mpaka kwenye briji. Gibson nyingi ni inchi 24.75, Ibanez na Jackson nyingi ni 25.5. Uzi ukishushwa chini sana unalegea na kupiga kelele kwenye freti, urefu ukiongezeka unakaza, ndo maana kuna nyuzi saba za inchi 26.5 mpaka 27. Ila kama vidole vyake vifupi atapata taabu mwanzoni. Kama anataka kushuka mpaka drop C tu (uzi mnene unashushwa mpaka noti ya C), nyuzi sita zinatosha kabisa, aweke seti nene kama 11-54, na akishabadilisha unene aniletee nimpangie shingo na briji upya maana mvutano unabadilika.

Hiyo LTD ya Mikindani uliza kama pikapu ni za kampuni ya EMG, zile za betri. Kama ndiyo, nyuma kutakuwa na chumba cha betri ya volti 9. Fungua uangalie kama betri imevujia ndani, hapo ndo magitaa mengi ya mtumba naletewa yamekufa sauti na mwenyewe anadhani pikapu zimeungua. Na aende na kebo yake alichomeke kabla ya kulipa.

Mpiga_Rifu_Shangani

Sawa fundi. Jumamosi tunaenda Mikindani na dogo, nitabeba kebo na amplifaya ndogo, nikishalibonyeza shingo kama ulivyosema nitaweka picha hapa kabla hatujalipa chochote.

Binti_wa_Masasi

Weka na ya kifuniko cha kichwa.