Nukta zisizohama katika picha za usiku: zinaondolewaje?

Mleta mada:
Ndugu zangu, naomba msaada. Wiki iliyopita nilipiga picha za nyota ufukweni Makunduchi, kila moja kwa sekunde 30, na nilipozikuza kwenye kompyuta nikaona, juu ya chenga za kawaida (punjepunje zinazotapakaa ovyo kwenye picha), nukta nyekundu na za buluu. Moja iko kona ya juu kushoto, na katika picha zote 20 haijahama, ingawa kamera niliigeuza mara mbili. Picha za mchana hazina kasoro hiyo. Je, kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, kimeharibika?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana, ndugu yangu. Vumbi lingeacha doa jeusi lililofifia. Nukta inayong'aa mahali pale pale ni pikseli (kijisehemu kimoja cha kihisi) inayovuja: joto huzalisha elektroni ndani yake hata mwanga usipoingia, na kiasi hicho huongezeka takriban maradufu kila kihisi kinapopata joto zaidi kwa nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Mchana shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga) hufunguka kitambo kidogo mno, kwa hiyo elektroni hazipati muda wa kurundikana. Ziba lenzi kwa kifuniko chake, piga picha ya giza kwa muda na ISO (kiwango cha usikivu kwa mwanga) zile zile, usiku ule ule kabla kamera haijapoa, kisha uitoe kihesabu, pikseli kwa pikseli, kwenye picha ya nyota.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza jambo ambalo nami nililikosea kwa miaka. Picha moja ya giza ina chenga zake yenyewe, na ukiitoa, chenga hizo huongezeka badala ya kufutika. Piga 16, kisha utafute wastani wake: chenga za kubahatisha hupungua hadi robo, ilhali pikseli mbovu hubaki zilivyo, na hizo ndizo unazozitafuta. Tumia faili ghafi (RAW, yaani data ya kihisi kabla haijachakatwa), kwa sababu JPEG inapoundwa, rangi ya pikseli mbovu huwa imekwisha kuwamwagikia jirani zake.

Mleta mada:
Ahsanteni sana. Jana usiku nimerudia kazi yote, na nukta ya kona imetoweka. Imebaki moja, iliyokuwa inang'aa kupita zote. Sasa imeacha tundu jeusi.

Mchangiaji wa kwanza:
Pikseli hiyo ilijaa elektroni pomoni, haikubakiwa na nafasi ya kupokea mwanga wa nyota, kwa hiyo kutoa hakuwezi kurudisha kisichokuwamo. Ijaze kwa wastani wa jirani zake wa rangi ile ile. Ikiwa ni nyekundu au ya buluu, katika mpangilio wa Bayer (vichujio vya rangi vinavyopokezana juu ya pikseli) jirani hao hawagusani nayo, bali wako hatua 2 kila upande.