Mjadala: Kampuni mbili, mkono mmoja. Kodi ihesabu ngapi?

Mtoto wa Jambiani (yuko London)

Assalaam alaikum wanabaraza. Mie nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi huku. Mwaka jana imepata faida ya pauni 50,000 barabara. Nikajua nakatwa asilimia 19, yaani 9,500, na hesabu zangu nishazipanga. Mhasibu akaniuliza swali moja tu: una kampuni nyingine popote duniani? Nikamwambia ninayo ya gesti nyumbani Zanzibar, vyumba sita, hisa 80 kwa mia ni zangu. Akaandika. Kodi ikapanda hadi 11,375.

Ndivyo ilivyo tangu Aprili 2023. Kiwango kikubwa cha Uingereza ni asilimia 25. Faida isiyozidi 50,000 hutozwa 19, na kutoka hapo mpaka 250,000 unapanda kidogo kidogo. Lakini mipaka hiyo hugawanywa kwa idadi ya kampuni zilizo chini ya mkono mmoja. Zangu mbili, basi 50,000 imekuwa 25,000 na 250,000 imekuwa 125,000. Gesti ambayo masika nzima analala mlinzi peke yake imenila pauni 1,875, na serikali yenyewe ya huku haijui Jambiani iko wapi!

Nauliza: ni haki? Na sisi tukija kuwa na kiwango chepesi kwa kampuni ndogo, tuhesabu kampuni au tuhesabu mwenye mali?

Mhasibu wa Mlandege

Haki kabisa, yakhe. Bila ya hivyo ungefungua kampuni ya fagio, kampuni ya ndoo na kampuni ya madirisha, kila moja ikajidai ndogo. Kampuni iliyolala, isiyofanya biashara yoyote, haihesabiwi. Yako inapokea wageni, imo.

Kwetu suala hilo halijazuka kwa sababu kampuni hulipa asilimia 30, iwe ya gesti yako au ya hoteli ya vyumba mia mbili. Na kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo kiwango chepesi usikiombe Baraza la Wawakilishi. Kaombe Dodoma.

Bi Mkubwa wa Wete

Mhasibu, usitufanye malaika. Wenye kampuni hawana haja ya kugawa, lakini wenye maduka je? Makadirio ya kodi ya wafanyabiashara wadogo yanatazama mauzo ya mtu. Mie nalijua duka mlango mmoja, mizani moja, lenye leseni tatu: baba, mama na kijana ambaye hata hajui bei ya sukari. Tuhesabu mwenye mali. Tena tuanzie huko.

Nahodha wa Nungwi

Bi Mkubwa, shikamoo. Mie nakataa, na sikatai kwa ujanja. Nina kampuni ya gesti na kampuni ya boti. Nimezitenga kwa sababu boti ikizama sitaki na vitanda vizame.

Sasa sikilizeni. Boti zangu zinawapeleka kisiwa cha Mnemba wageni wa gesti yangu. Mgeni wa nje analipa dola 40, wa gesti nikamwandikia ankara ya dola 10, maana nalipana mwenyewe kwa mwenyewe. Mkaguzi akaishika ile ankara, akaigeuza, akaniuliza: ungemuuzia jirani yako kwa bei hii? Nikanyamaza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka kampuni zenye mkono mmoja ziuziane kama watu wasiojuana. Sawa, nimekubali. Lakini mwaka ule ule gesti ilipata hasara na boti zikapata faida. Nikasema basi hasara hii ipunguze faida ile. Nikaambiwa hapana, kila kampuni na hasara yake, itaisubiri faida yake yenyewe miaka ijayo. Kwenye bei sisi ndugu, kwenye hasara kila mtu na mama yake!

Mtoto wa Jambiani

Nahodha, huku pia sipati. Kupeana hasara mpaka kampuni moja iwe na asilimia 75 ya nyingine, au zote ziwe chini ya kampuni mama. Mie hisa nimeziandika kwa jina langu.

Mhasibu, nikimuuzia kaka yangu hisa 40 za gesti, zikabaki 40 zangu, natoka?

Mhasibu wa Mlandege

Kwa mwaka huu hutoki, hata ukiuza leo. Ikiwa chini ya mkono wako siku moja tu ya mwaka wa hesabu, ishahesabiwa. Mwaka ujao, inategemea. Udhibiti ni zaidi ya nusu, kwa hiyo 40 peke yake haitoshi. Lakini hisa za kaka hujumlishwa na zako iwapo biashara hizo mbili zinategemeana: kwa pesa, kwa wateja au kwa uongozi. Makuti mapya ya gesti nani alilipa?

Mtoto wa Jambiani

Mie.

Mhasibu wa Mlandege

Mfukoni mwako, au akaunti ya kampuni ya usafi?

Mtoto wa Jambiani

Akaunti ya kampuni. Na pampu ya maji.