Kongo ijenge kinu cha nyuklia, ndiyo ao hapana?

Mwalimu wa Fizikia: Delestaji, huu umeme wa kukatwakatwa, imetuchosha. Urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe iliingia kwenye bomu la Hiroshima, sisi hapa Lubumbashi bado tunapika na makala, makaa ya miti! Kinu cha megawati 1,000 za umeme kinatoa tani 20 hivi tu za fueli iliyotumika kwa mwaka. Na tafadhali, hii si hesabu ya wauza makala.

Papa Katuba: Tusi la nini, Mwalimu? Muuza makala anajua jambo unaloruka: tanuru la makala likizimwa halijapoa. Ukifunga gunia mapema, linawaka juu ya kamyo. Kinu ni vilevile. Kikizimwa tu, kinabaki na asilimia 6 hivi ya joto lake, kesho yake karibu nusu asilimia. Kwenye megawati 3,000 za joto, hizo ni 15 zinazochemsha maji bado. Sasa pampu ya maji ya kupoza ipigwe delestaji.

Yaya Kampemba: Papa, makala ukiyanyima hewa yanakufa. Fueli ya nyuklia haihitaji hewa, hata uifukie itatoa joto. Ndiyo maana inalazwa bwawani miaka 5 hivi, ikiwa na mita kadhaa za maji juu yake, ndipo iingie kwenye kasha la chuma na zege.

Papa Katuba: Makala hayafi, yanasubiri. Uliza wachoma makala wa barabara ya Kasenga.

Mwalimu wa Fizikia: Tumeshahamia makala! Semeni tu munaogopa, kwa sababu Fukushima, kule Japani, ililipuka kama bomu.

Yaya Kampemba: Bomu wapi? Tetemeko lilipotokea vinu vilijizima. Tsunami ikazamisha jenereta, maji yakapungua, metali ya zirkoni inayofunika fueli ikapambana na mvuke. Ikatoka gesi ya haidrojeni, ikalipuka, hiyo ndiyo iliyorusha mapaa.

Mama Kamalondo: Na mgodi, nani anausema? Ukishatoa urani kwenye jiwe, asilimia 85 hivi ya mnururisho inabaki kwenye tope la mabaki. Radiamu iliyomo humo inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, tena inazaa gesi ya radoni. Radoni inapungua nusu kwa siku 3.8, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi unaofunika tope lazima uwe mnene, gesi ifie humo ndani. Mvua ikichimba ufa mmoja, kazi bure.

Papa Katuba: Mama amesema. Lakini Mwalimu hajaomba radhi.

Mwalimu wa Fizikia: Kwa nani, kwa tanuru?

Yaya Kampemba: Tanuru nalo lina ufa. Lizibe na udongo wenye maji, upande wa upepo kwanza.