Tupeane uzoefu: mbolea ya ruzuku inakufikiaje kijijini kwako?

Wakuu, habari za majukumu. Wakulima wenzangu, hasa wa Songwe, Mbeya, Njombe, Rukwa na Ruvuma, naomba tuelezane hili la mbolea ya ruzuku.

Mpango ulizinduliwa Nanenane ya 2022, Mbeya. Kabla ya hapo mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia, ulishavuka shilingi 130,000, na wengi tukawa tunapanda mahindi bila mbolea. Ruzuku ikaushusha hadi 70,000. Kwa mwenye ekari mbili tatu hilo ni jambo kubwa, nashukuru kwa dhati.

Ila hela yenyewe haipiti mikononi mwetu. Serikali inamlipa muuzaji pengo la bei, sisi tunamalizia. Kwa hiyo unafuu unategemea jina lako kuwemo kwenye daftari la kijiji, na mzigo kuwa karibu. Huku Mbozi kwa sisi tunaokaa ndani, wakala yuko mjini. Nauli, bodaboda ya kubeba mfuko, kula, pengine kulala ukikuta mzigo haujashuka. Mvua zinaanza Novemba. DAP ikija mahindi yameshaota, ya kupandia tena ya nini? Nyie mnafanyaje?

Mdau wa Wanging'ombe: Mimi ni mama, nalima mwenyewe, mume yuko Dar. Usajili ulikuwa kwa jina lake, na namba ya kuchukulia mbolea ikaingia kwenye simu yake. Nimekaa foleni tangu alfajiri, nafika dirishani naulizwa namba, nampigia hapatikani. Nikarudi mikono mitupu na hela yangu kwenye pindo la kanga. Msimu uliofuata nikaenda kwa mtendaji kujiandikisha kwa jina langu na laini yangu. Akasita, eti shamba ni la mume. Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia, "Huyu ndiye tunamwona na jembe kila siku, mwandike." Nikaandikwa. Wanawake wenzangu, msisubiri mtu aliye mbali awatumie namba.

Mdau wa Sumbawanga: Vijana hamkuikuta vocha. Kuanzia 2008 tulipewa vocha za ekari moja: mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, nusu ya bei unaongeza mwenyewe. Asiye na hiyo nusu alisaini vocha akamwachia muuzaji kwa vijisenti, mfuko ukaenda kwa mwenye uwezo. Niliyaona kwa macho yangu na yaliniuma. Namba hii ya kutumiwa kwenye simu imepunguza mchezo huo. Lakini shida ya msingi iko palepale: Novemba mkulima hana hela ya mfuko, mahindi alishayauza Julai kwa bei ya hasara ili alipe ada za watoto.

Mdau wa Songea: Kwetu AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, ndiyo wakala. Mzigo unashushwa ghalani kijijini, unatoa namba, mfuko unaskaniwa, unabeba kwa baiskeli. Na kwa hilo la mzee wa Sumbawanga, sisi tunaweka akiba mauzo yanapofanyika: kila anayeuza anaacha kidogo kwa mhasibu, anaandikiwa stakabadhi, na mbolea ikifika anakatiwa humo humo. Wapo waliogoma mwanzoni, wakisema hela ikishaingia ushirika hairudi. Wamejiunga baada ya kuona majirani wanapanda kwa wakati.

Mdau wa Momba: Sisi tunaokodi mashamba tunapata tabu. Ukihama kitongoji, ekari zako zinabaki kwenye daftari la zamani. Nendeni kuhuisha taarifa mapema, kabla mtendaji hajazidiwa na foleni.

Mleta mada: Asanteni sana. Mkuu wa Songea, tafadhali: uwakala mliuombea wapi, halmashauri au moja kwa moja TFRA, ile mamlaka ya mbolea? Na ghala mlilikuwa nalo tayari au mlikodi? AMCOS yetu ina kikao mwezi ujao, nataka niende na majibu kamili.