Mkutano mkuu wa kijiji unavurugika tukifika mapato na matumizi. Tuuendesheje?

Mjumbe_Tandahimba
Wadau, salaam. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Tandahimba. Mkutano unakwenda vizuri mpaka mtendaji wa kijiji asome mapato na matumizi, hapo ni makelele tu. Tukifika ajenda ya mwisho, mengineyo, nusu ya watu wameshaondoka na akina mama hawajasema neno. Mkutano ujao una mambo mawili mazito: daftari la wakulima wa kupewa salfa, ile dawa ya mikorosho, na ombi la mtu kutoka nje ya kijiji anayetaka shamba kubwa. Watu wabishane kwa hoja, wasitukanane. Naomba ushauri.

Mzee_wa_Kitangari
Ndugu mjumbe, makelele yanatokana na kusomewa. Mtu anasikia tarakimu thelathini mfululizo, anashika moja tu, ile inayomuuma, na hiyo ndiyo anayosimama nayo. Bandikeni taarifa wiki moja kabla: ofisi ya kijiji, ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), na mahali wanapokaa watu kila kitongoji. Karatasi moja, herufi kubwa, safu nne: fedha zilikotoka, kiasi, zilikokwenda, namba ya stakabadhi. Hiyo safu ya nne msiiache, ndiyo inayopunguza maneno. Siku ya mkutano mtendaji asisome tena. Aulizwe maswali mstari kwa mstari, na awe na faili la stakabadhi mezani.

Mengineyo nayo ni mtego. Kila lenye hasira linangoja pale, saa ya mwisho, watu wana njaa. Wenyeviti wa vitongoji wakusanye hoja siku tatu kabla, na zile nzito zipewe namba yake kwenye ajenda. Na "yatokanayo" msiyapitie mbio. Lililoahidiwa mkutano uliopita lisemwe limefanyika au halijafanyika, na nani alipewa. Watu wakiona ahadi zinafuatiliwa, hawapigi kelele sana.

Muda: Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, basi wekeni saa kumi alasiri. Ijumaa mchana msijaribu.

BiMchinga
Naongezea kwa akina mama. Kuwaambia "jamani semeni" hakusaidii. Kwa jambo kama la salfa, gaweni mkutano kwa vitongoji, dakika ishirini na tano, wanawake kundi lao, vijana lao. Kila kundi lichague msemaji na kuleta mambo mawili tu. Kiongozi asikae ndani ya kundi lolote. Akikaa, watu wanamtazama usoni kwanza ndipo waseme. Mkirudi, anza na kundi la wanawake. Wakiachwa mwisho wanaishia kusema "tunaunga mkono waliotangulia".

Daftari la salfa lisihakikiwe kwa kusoma majina yote uwanjani, mtalala huko. Kila kitongoji kibandike orodha yake yenye jina la mkulima na idadi ya mikorosho, na wenye pingamizi waandike. Mkutano uamue yenye pingamizi tu. Angalieni sana mashamba ya wajane na ya urithi ambao haujagawanywa: mara nyingi shamba linaandikwa kwa shemeji, na mfuko wa salfa unakwenda huko huko.

Msitu_na_Ardhi
Mkuu, hilo la shamba ndilo la kuangalia zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo mwombaji asiitwe kwanza kutoa soda na fulana. Tangulizeni ramani ya matumizi ya ardhi kama mnayo, tembeeni mpakani na majirani wa eneo hilo, kisha mkutano. Mwombaji ajieleze, ajibu maswali, halafu atoke nje wakati wa kuamua.

Mahudhurio: kila ukurasa uandikwe juu tarehe na ajenda, na chini ya jina la mwisho pigwe mstari. Karatasi ya saini isiyo na kichwa inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari wowote, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengine wagome kusaini kabisa. Kura ihesabiwe, ziandikwe za ndiyo na za hapana. "Wengi walikubali" siyo hesabu.

Majirani wakigombania mpaka, msiuamulie uwanjani. Pelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe saba, watatu kati yao wawe wanawake, na kazi yao ni usuluhishi.

Mjumbe_Tandahimba
Shukrani sana wazee wangu na dada. Na kama anayelalamikiwa ni mwenyekiti mwenyewe?

Mzee_wa_Kitangari
Kwa ajenda hiyo akipishe kiti. Mkutano uchague mwenyekiti wa muda kati ya waliohudhuria, yeye ajibu akiwa amesimama pamoja na wengine, kisha arudi kwenye ajenda inayofuata. Mtendaji aandike saa aliyopisha na saa aliyorudi. Akikataa kupisha, liandikwe hilo pia, na nakala ya muhtasari iende kwa mtendaji wa kata.